Utawala wa Wataalamu na Sauti ya Wananchi: Tafakari ya Kilutheri

Utangulizi

Kisa cha Yusufu ni miongoni mwa visa vinavyohubiriwa sana katika sharika zetu. Twahubiri juu ya ndoto zake, juu ya birika alimotupwa na ndugu zake, juu ya gereza, na hatimaye juu ya kuinuliwa kwake katika nyumba ya Farao. Lakini ni nadra kumsikia mhubiri akichagua Mwanzo 47:13-26 kuwa somo lake. Huko twaelezwa jinsi njaa ilivyozidi, na jinsi watu wa Misri walivyoleta kwanza fedha zao, kisha mifugo yao, na mwisho mashamba yao na nafsi zao wenyewe, ili wapewe chakula kilichokuwa ghalani. Nacho chakula hicho kilikuwa kimetoka katika mashamba yao wenyewe wakati wa miaka saba ya shibe. Watu walibaki hai, nao walimshukuru Yusufu. Ila nchi ilikwisha kuwa mali ya Farao, nao walikuwa watumwa wake.

Twaanza na kisa hiki kwa sababu kinatuwekea wazi swali ambalo makala haya yanakusudia kulieleza. Yusufu alikuwa mtaalamu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, mpango wake ulifaulu, na bila yeye wengi wangalikufa. Hata hivyo hatuambiwi popote kwamba Wamisri waliulizwa ghala hilo lifunguliwe vipi, na kwa bei gani. Je, katika nchi inayojitawala kwa kura, mwenye ujuzi ana nafasi gani? Atawale kwa kuwa anajua, au anyamaze kwa kuwa hakuchaguliwa?

Jibu tunalolitetea ni hili: mtaalamu ana wajibu wa kusema kweli yote juu ya mambo yalivyo na juu ya matokeo yake, lakini kuamua ni jema lipi litangulizwe, na nani aubebe mzigo wake, ni kazi ya wananchi, na hasa ya wale watakaoubeba.

1. Maana na Asili ya Jambo Lenyewe

Utawala wa wataalamu, ambao wasomi huuita teknokrasia, ni hali ambamo maamuzi ya dola hufanywa na watu kwa sababu ya elimu na ujuzi wao, wala si kwa sababu wamepewa dhamana na wananchi. Wazo hili ni la kale. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, aliifananisha dola na chombo cha baharini, akasema kwamba usukani haufai kuachwa mikononi mwa mabaharia wanaougombania bali mikononi mwa yule aliyejifunza elimu ya nyota na majira. Mfaransa Saint-Simon (1760-1825) alitamani jamii iongozwe na wanasayansi na wenye viwanda. Jina la teknokrasia lenyewe lilitumiwa mwaka 1919 na mhandisi William Henry Smyth wa California, na miaka ya mwanzo ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoanguka, Howard Scott aliongoza chama kilichodai kwamba wahandisi wangeiendesha nchi vizuri kuliko wanasiasa.

Hatuna budi kukiri kwamba hoja ya Plato ina nguvu. Mbunge hawezi kupima mwenyewe kama dawa fulani inaponya au inaua, wala kama kingo za bwawa zitahimili mafuriko. Kwa sababu hiyo nchi za kidemokrasia zenyewe zimetenga baadhi ya kazi na kuwakabidhi wenye ujuzi: majaji, wakaguzi wa hesabu, magavana wa Benki Kuu. Hao hufanya kazi kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, hutoa taarifa, na sheria hiyo yaweza kubadilishwa. Kwa hiyo si kila madaraka ya mtaalamu ni unyang'anyi.

Kosa la mfano wa Plato liko mahali pengine. Nahodha anajua njia ya kufika bandarini, lakini elimu yake ya nyota haimwambii abiria wanataka kwenda bandari gani. Mchumi aweza kutuonyesha kwamba hazina ya serikali ni tupu, na hilo tukilikataa tunajidanganya. Lakini hakuna hesabu inayoweza kumwambia kwamba mtoto wa mkulima ndiye apunguziwe shule ili hazina ijae. Hapo amekwisha kutoka katika elimu yake na kuingia katika uamuzi wa haki. Nasi katika Tanzania tunakumbuka ada na michango ya shule za msingi iliyowabana wazazi katika miaka ya marekebisho ya uchumi. Hatimaye ada hiyo iliondolewa ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, na watoto waliokuwa nyumbani wakafurika madarasani.

2. Kongwa: Ujuzi Usiouliza

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa mashamba ya karanga ya Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki tisa na kuandika taarifa. Mpango uliotokana nayo ulikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa kiasi cha paundi milioni 25.

Waliopanga hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye shahada na uzoefu, na nia yao ya kuwalisha watu wao haikuwa mbaya. Lakini ardhi ya Kongwa ina udongo wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka na kuwa mgumu kama tofali, hata karanga zilizokomaa haziwezi kung'olewa. Mvua za Ugogo ni chache na hazitabiriki. Matrekta yaliharibika upesi kuliko yalivyoweza kutengenezwa. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mnamo Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilizidi paundi milioni 35.

Tunataka kulisisitiza jambo moja katika historia hii. Wagogo walikuwa wakiishi katika nchi hiyo tangu zamani. Walikuwa wafugaji, na walilima uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame, na kumbukumbu zao zilijaa majina ya miaka ya njaa. Ujuzi huo haukuandikwa katika vitabu, lakini ulikuwa ujuzi. Waswahili husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wa London hawakuwa wamekilalia kitanda cha Ugogo.

Aidha, tusisahau kwamba Uingereza ya wakati huo ilikuwa nchi ya kidemokrasia. Mpango ulijadiliwa katika Bunge lake, na waziri aliyehusika, John Strachey, alihojiwa huko kwa ukali. Lakini Mgogo hakuwa na kura katika Bunge lile. Waliopiga kura hawakufyekewa ardhi, na waliofyekewa ardhi hawakupiga kura. Mahali palipo na mwachano wa namna hii, kosa la mtaalamu huchelewa kugunduliwa, kwa maana yule anayeliona mapema hana mlango wa kulisemea.

3. Italia: Wataalamu Katika Baraza la Mawaziri

Yaweza kudhaniwa kwamba mambo ya Kongwa yalikuwa ya enzi ya ukoloni tu. Tutazame basi nchi huru yenye uchaguzi. Mnamo Novemba 2011 Italia ililemewa na madeni, na Waziri Mkuu Silvio Berlusconi akajiuzulu. Rais Giorgio Napolitano alimteua Mario Monti, profesa wa uchumi, kuunda serikali. Mawaziri wake walikuwa maprofesa, mabalozi, mabenki na watumishi wa dola; hakuna aliyetoka katika vyama. Bunge liliipigia kura ya kuwa na imani nayo, kwa hiyo ilikuwa serikali halali.

Serikali hiyo ilizuia hatari iliyokuwa ikikaribia. Lakini mnamo Desemba 2011 ilipandisha umri wa kustaafu kwa haraka, na maelfu mengi ya wafanyakazi waliokuwa wamekubali kuacha kazi wakitumainia pensheni walijikuta hawana mshahara wala pensheni. Idadi yao ilikuwa kubwa kuliko serikali ilivyokadiria mwanzoni, na ilibidi sheria kadhaa zitungwe baadaye ili kuwaokoa. Katika uchaguzi wa Februari 2013 muungano wa Monti ulipata kiasi cha asilimia 10 ya kura, na chama kipya kilichowabeza wanasiasa wote kilipata kama robo nzima. Wananchi wanapoambiwa kwamba hakuna njia nyingine ila hii moja, huacha kubishana juu ya njia na kuanza kuwachukia waongozaji. Hivyo utawala wa wataalamu huweza kuzaa dharau ile ile ya elimu ambayo ulikusudia kuiponya.

4. Tume ya Nyalali: Wachache Wanapowapinga Wengi

Kwa upande mwingine, si haki kudai kwamba mshauri hana budi kusema kile ambacho wengi wanakitaka. Historia ya nchi yetu inatupa mfano mzito. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni ya wananchi: je, Tanzania iendelee na mfumo wa chama kimoja au iingie katika vyama vingi? Kiasi cha asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kiasi cha asilimia 21. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na pia ilizitaja sheria 40 ilizoona kuwa zinakandamiza uhuru wa watu. Chama na Bunge vilikubali pendekezo lile la vyama vingi, na tangu tarehe 1 Julai 1992 mfumo huo ulianza rasmi.

Je, huu ulikuwa utawala wa wataalamu? Wapo waliosema hivyo, na hoja yao haistahili kupuuzwa, kwa sababu jambo zito namna hii halikupelekwa kwa wananchi walipigie kura. Lakini sisi twaona tofauti mbili kubwa kati ya Tume ile na ujumbe wa Wakefield. Kwanza, Tume ilikwenda kwa watu na kuwasikiliza kabla ya kuandika. Pili, haikuficha hesabu iliyokwenda kinyume na shauri lake. Ilieleza kwamba wengi wamesema hivi, na kwamba wachache nao wana haki isiyoweza kufutwa kwa wingi wa mikono. Kisha ikawaachia uamuzi wenye mamlaka ya kuamua. Mshauri aliye mwaminifu aweza kuwapinga wengi. Asichoweza kufanya ni kuinyamazisha sauti yao, au kuivika hoja yake vazi la sayansi ili isijibiwe.

5. Hatari ya Upande wa Pili

Tungekuwa tumekosa ikiwa msomaji angeondoka na wazo kwamba elimu yenyewe ndiyo adui. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ukuu huo waweza kuwa wa elimu. Wakati wa ugonjwa wa korona, tangu Mei 2020, takwimu za wagonjwa katika nchi yetu zilikoma kutangazwa, na ushauri wa kitabibu ukawa jambo la kunong'onezana. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu ili kuishauri serikali, na mnamo Julai mwaka huo chanjo ilizinduliwa.

Sisi wachungaji tuliosimama makaburini katika miezi ile twajua gharama ya ukimya. Pale ambapo mtaalamu haruhusiwi kusema, mwananchi naye hawezi kuamua, kwa sababu hana habari ya kuamulia. Basi anayemziba mtaalamu mdomo hajampa mwananchi madaraka. Amewanyang'anya wote wawili.

6. Mafundisho ya Kilutheri Yanatusaidiaje?

Kwanza ni fundisho la tawala mbili. Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba Mungu huutawala ulimwengu huu kwa sheria na kwa akili ya kibinadamu, wala si kwa Injili. Kwa hiyo hatupaswi kudai kwamba bwana fedha, mganga au mhandisi afundishwe kazi yake na mimbara. Ujuzi ni karama ya uumbaji, na kazi yake ni wito wa kumtumikia jirani. Lakini akili hiyo ni ya mwanadamu aliye mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Shahada haimwondoi mtu katika hali hiyo. Mtaalamu naye hupenda cheo, huogopa kukiri kosa, na huona kwa urahisi zaidi faida ya wale anaokaa nao mezani. Kwa sababu hiyo anahitaji kuhojiwa, kama mtawala mwingine yeyote anavyohitaji.

Pili ni ukuhani wa waamini wote. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu Wakristo wa taifa la Kijerumani, Luther alilishambulia dai kwamba Papa peke yake ndiye awezaye kufasiri Maandiko. Mwaka 1523 aliandika kijitabu kuonyesha kwamba usharika wa Kikristo una haki na uwezo wa kuyapima mafundisho yote, na wa kuwaita, kuwaweka na kuwaondoa walimu. Tukumbuke nani aliyesema hivyo: alikuwa Daktari wa Theolojia tangu mwaka 1512, naye alikitaja cheo hicho mara kwa mara katika kujitetea. Mtaalamu mkuu wa Maandiko ndiye aliyesema kwamba seremala na mke wa mkulima wana haki ya kumpima mtaalamu.

Twapaswa kuwa wakweli hapa. Luther mwenyewe hakulipeleka fundisho hili katika utawala wa dola. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani walitoa madai kumi na mawili, na la kwanza lilikuwa haki ya usharika kumchagua mchungaji wake. Vita vilipozuka, Luther alisimama upande wa wakuu. Hivyo hatusemi kwamba demokrasia imo katika vitabu vyake. Twasema tu kwamba Kanisa linalokiri kuwa hata neno la wokovu hupimwa na usharika wote haliwezi kufundisha kwamba bajeti ni jambo takatifu mno kuulizwa na mwananchi.

Tatu ni elimu. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe na kutunza shule, si kwa ajili ya Kanisa tu bali pia kwa ajili ya serikali njema. Mantiki yake iko wazi: ikiwa watu wote wana haki ya kupima, basi hawana budi kuwezeshwa kupima. Dawa ya pengo kati ya mjuzi na asiyejua ni kulipunguza pengo lenyewe.

Maandiko nayo yanatupa mfano ulio tofauti na ule wa ghala la Farao. Katika Kumbukumbu la Torati 1:13-14 Musa alihitaji watu wenye hekima na akili wa kumsaidia kuamua. Aliwaambia makabila wenyewe wawatoe, nao wakajibu kwamba jambo hilo ni jema. Hekima haikudharauliwa, wala watu hawakurukwa.

7. Yatupasayo Sisi Watumishi

Swali hili halimalizikii ikulu na bungeni, kwa maana hata sisi ni wataalamu. Tunaporudi kutoka chuoni tukiwa na Kiyunani chetu na Kiebrania chetu, ni rahisi mno kulifunga neno la mzee wa kanisa kwa kusema kwamba maandishi ya asili hayasemi hivyo. Yawezekana kuwa tumesema kweli. Lakini ikiwa hatukumweleza kwa namna ambayo naye aweza kupima, tumemrudisha mahali ambapo Matengenezo ya Kanisa yalimtoa. Ndivyo ilivyo pia katika miradi. Mara ngapi usharika umekabidhiwa kisima, zahanati au shamba lililopangwa na wageni pamoja na ofisi, na baada ya miaka michache pampu imekufa na hakuna anayejua ni ya nani?

Kwa hiyo twapendekeza kwamba tujizoeze sisi wenyewe, na tuwazoeze waumini wetu, kumwuliza kila mtaalamu maswali matatu kwa heshima na bila woga. La kwanza: umejuaje? Mjuzi wa kweli hatachukizwa na swali hili, kwa sababu ndilo alilojifunzia. La pili: ukiwa umekosea, nani atalipa? Na la tatu: tukiona mambo yanaharibika, tunaweza kuubadili uamuzi huu kwa njia gani? Mpango usioweza kuyajibu maswali haya haujawa tayari, hata kama hesabu zake ni safi.

Aidha, tusiwaache peke yao Wakristo wetu walio wataalamu. Katika sharika za mijini wamo wachumi, madaktari na maofisa wa wizara ambao huagizwa kuandika taarifa ya kuthibitisha jambo lililokwisha kuamuliwa. Huo ni mzigo wa dhamiri, nao wastahili kupata kwa mchungaji wao mahali pa kuusema.

Hitimisho

Twarejea kwa Yusufu. Hatuna haki ya kumhukumu kwa wepesi, kwa maana aliokoa maisha ya wengi, wakiwamo wana wa Israeli. Lakini Misri ambayo watu wote walikuwa watumwa wa Farao ndiyo Misri ambayo baadaye aliinuka mfalme mwingine, asiyemjua Yusufu, na kuwatumikisha wana wa Israeli wenyewe. Madaraka yasiyoulizwa, yakikusanywa na mtu mwema kwa sababu njema, hayafi pamoja naye, humngoja atakayefuata.

Na kuna aya moja ambayo sisi watumishi hatuna budi kuisoma polepole. Mwanzo 47:22 inatuambia kwamba mashamba ya makuhani hayakununuliwa, kwa sababu walikuwa na posho yao kutoka kwa Farao. Wakati watu wote walipokuwa wakipoteza ardhi, makuhani walikula na kubaki na mali zao. Huenda ndiyo sababu katika sura hiyo yote hatusikii neno hata moja kutoka kwao.